Laini Zote za Hironimus

Ukitaka kumjua Hironimus Luoga, usianzie ofisini kwake. Anzia stoo ya nyumba yake pale Majengo, Songea, kile chumba ambacho fundi alikijenga kiwe cha wageni lakini mgeni hajawahi kulala humo. Mwaka wa tisini na saba, maduka ya mji yakiwa yamefurika mpaka ndoo na mabeseni yananing'inia barazani, Hironimus alikuwa bado amepanga humo makatoni ya sabuni za mche kufikia darini, mapipa ya maji yenye vifuniko, taa za chemli ambazo hazijawahi kuwashwa, na redio mbili zisizo na betri. Betri zilikuwepo, ila ziliwekwa kona nyingine ili zisije zikatumika. Mkewe, Beata, alinunua sabuni yake dukani kama watu wengine. Za stoo zilikuwa za siku ya shida, na kila alipouliza siku hiyo ni lini, aliambiwa asiikaribishe kwa mdomo.

Tusimcheke upesi. Hironimus alikulia wakati ule ambao sukari ilikuwa habari kabla ya kuwa bidhaa. Ilisemekana imeonekana Makambako. Ilisemekana imelala Njombe. Ikifika Songea kweli, foleni kwenye duka la ushirika ilikuwa imekwisha kupangwa tangu jana yake, na kwa kuwa binadamu ana kazi nyingine za kufanya, waliosimama kwenye foleni hiyo hawakuwa watu bali mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake linalojulikana. La mama yake, Mama Getruda, lilikuwa jeusi la kutoka mto Luhira, lina mstari mweupe tumboni, na mtaa mzima ulilijua kama unavyojua sura ya padri. Kulisogeza jiwe la mtu lilikuwa kosa zito kuliko kumtukana mtu mwenyewe. Sheria nyingi zilipitishwa Dodoma miaka ile, lakini sijui kama kuna iliyoheshimiwa kama hiyo.

Kazi ya kuyaweka mawe alipewa Hironimus tangu mdogo, na aliifanya kwa kipaji. Aliweka la mama. Akaweka la shangazi wa Peramiho, ambaye hakuwa na habari. Akaweka kopo la babu, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Mama Getruda, ambaye Jumapili hakosi misa, aliliona kopo la marehemu kwenye foleni, akampa mwanawe neno moja la kukaa nalo maisha.

"Weka jiwe, mwanangu. Usipokuwa na shida leo, kesho utakuwa nayo."

Basi mtoto huyo akakua, akapelekwa Dar es Salaam kusomea kompyuta wakati neno lenyewe bado linawapa watu kigugumizi, akarudi na cheti na tai mbili, akaajiriwa na shirika la kununua tumbaku. Walimpa cheo cha afisa kompyuta. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ofisi yake ndiyo pekee iliyokuwa na feni, kwa sababu kompyuta haitakiwi kupata joto. Joto la wahasibu halikujadiliwa.

Meneja wa shirika alikuwa Bwana Polikarp Tawete, mtu wa makamo, mwenye tumbo la uongozi na rundo la funguo kiunoni. Alikuwa meneja, alikuwa kaimu mhasibu mkuu, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuandaa ubinafsishaji, kwa maana kwamba serikali ilipotaka shirika liuzwe, yeye ndiye aliyeteuliwa kujishauri. Ofisini kwake kulikuwa na viti vitatu vya wageni. Kimoja kilikaliwa na koti lake, cha pili na mafaili, cha tatu na mwavuli. Mgeni akiingia husimama. Watu walikuwa wamezoea kiasi kwamba hata wenyewe wakimwona mtu ameketi mle wangedhani kuna msiba.

Mwaka huo likaja neno kupunguzwa. Kabla yake watu walikuwa wakifukuzwa kazi, na anayefukuzwa hujua alichoiba. Sasa ikawa mtu anapunguzwa, kama chumvi kwenye mboga, bila kosa lolote. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa mbioni kulinunua shirika, na ilitoa sharti moja kwa kituo cha Songea: siku ya kufungua soko la tumbaku, mzani mpya wa kompyuta upime marobota ya wakulima na stakabadhi zichapwe papo hapo. Ikiwezekana, kituo kitabaki. Isipowezekana, kitafungwa, na wa kwanza kurudi kulima mahindi kwao Hanga atakuwa afisa kompyuta.

Mzani wenyewe ulikuwa umenunuliwa enzi za wafadhili. Ulikuja na kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta, lakini haukuja na draiva, yaani ile programu inayoufundisha mfumo wa kompyuta namna ya kusema na kifaa. Kiwanda kilichoutengeneza kilikuwa kimekufa. Ikabidi Hironimus aiandike draiva mwenyewe. Bruda mmoja wa misheni, mpenda mitambo, alikuwa amempa disketi za mfumo wa bure, ulioandikwa na watu wa huko nje wanaojitolea, na kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuutazama matumbo.

Hapa lazima nieleze kidogo, na nitaeleza kama Hironimus alivyopenda kuwaelezea watu waliosimama chini ya feni yake. Kompyuta kwa ndani ni ofisi. Kuna bosi mmoja mwenye kazi nyingi, na nje ya mlango wake kuna vifaa: kibodi, printa, modemu, mzani. Kifaa kikitaka kusikilizwa hakipigi kelele. Kina laini yake ya kengele, kinabonyeza, bosi anaacha alichokuwa anafanya na kukihudumia. Laini hizo ni chache na zina namba. Baadhi zina wenyewe tangu kiwandani. Zilizobaki ziko wazi, na ni mwandishi wa draiva anayeamua kifaa chake kitumie ipi. Pia kila kifaa kina milango yake, ambamo maneno huingia na kutoka, na hiyo nayo haitakiwi kugongana na ya jirani.

Bwana Polikarp aliposikia laini zina namba, alitaka ile namba ya kwanza ipewe printa ya ofisi yake, kwa ajili ya itifaki. Hironimus akamweleza kwa adabu kwamba hiyo ni ya kibodi tangu kompyuta haijafika nchini. Meneja akauliza kibodi iliteuliwa na nani.

Wale waandishi wa mfumo walikuwa wameweka kanuni nyepesi kwa kila mwandishi wa draiva. Omba laini unayohitaji. Ukipewa, tumia. Ukimaliza, rudisha. Hironimus aliisoma kanuni hiyo mara mbili, akaielewa barabara, na akawahurumia walioiandika. Ilikuwa dhahiri kwamba hao hawajawahi kuishi mahali ambapo kitu huisha. Mzani wake ulihitaji laini moja tu, na kwenye kadi kulikuwa na pini ndogo za chuma zinazoonyesha ni ipi. Lakini je, kesho? Je, kadi ikiharibika ikahitaji nyingine? Je, akija mtu na kifaa chake akaikuta laini wazi, akajikalia? Mkono wake ukaandika wenyewe: zipitie laini zote, iliyo wazi ichukue. Akafanya hivyohivyo kwa milango. Na akaipanga draiva yake iwe ya kwanza kuamka kila kompyuta inapowashwa, kabla ya printa, kabla ya modemu, kabla jogoo wa ofisi yeyote hajawika.

Mzani ukafanya kazi vizuri ajabu. Uliweza kupima mfuko wa karanga na kuonyesha mbegu moja ikipungua. Printa ndiyo iliyogoma. Kila ilipoomba laini yake iliambiwa ina mtu, ikiomba milango inaambiwa ina mtu, na mtu mwenyewe alikuwa ni mzani, ambao hata hauna habari ya kuchapa.

Mtu mwingine angerekebisha siku hiyohiyo. Ilikuwa kazi ya saa moja, na Hironimus alijua. Lakini karani wa masijala alikuja na barua yake ya likizo ya kuchapwa, na Hironimus akamwambia asubiri. Akaiondoa draiva ya mzani kwa mkono, printa ikapata nafasi, barua ikachapwa, kisha akairudisha draiva mahali pake. Karani alitazama vidole vile vikipita juu ya kibodi akaona uganga. Kesho yake alileta karanga. Wiki iliyofuata mhasibu alileta kuku, tena jogoo, kwa ajili ya ripoti ya robo mwaka. Meneja mwenyewe, Bwana Polikarp, akawa hana budi kuja hadi mlangoni kuuliza kama bwana Hironimus ana nafasi. Ndani ya miezi michache hapakuwa na karatasi iliyotoka kwenye shirika lile bila kupita chini ya feni. Ile kasoro ikawa cheo.

Beata alikwenda ofisini siku moja kumpelekea funguo za nyumbani, akaikuta foleni ya watu wameshika barua. Jioni, akimtengea ugali, akamtaka amweleze sababu. Hironimus akaeleza, laini na milango, kwa raha ya mtu anayeijua kazi yake. Beata alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umeweka mawe, Baba Careen."

"Ni tahadhari."

"Na la babu umeweka?"

Hironimus alinawa mikono. Alisema ugali una chumvi, ingawa ugali hautiwi chumvi. Alikuwa ameudhika, na alikuwa ameudhika kwa sababu neno limempata. Alilala akiwaza kwamba mke wake hajui dunia. Kama vifaa vyote vingepata laini zao na kufanya kazi bila kelele, nani angekuwa na haja ya Hironimus Luoga? Wanaopunguzwa ni wale ambao kazi inakwenda bila wao. Msimu utafunguliwa, yeye atakaa hapo katikati ya mzani na printa, ataondoa, atachapa, atarudisha, robota baada ya robota, na kampuni ya Dar es Salaam itaona kwa macho yake kwamba bila yeye hakuna hata karatasi. Huo ndio uliokuwa mpango wake, na aliuona mzuri.

Siku ya kufungua soko, uwanja wa ghala ulijaa tangu mapema. Marobota yalishushwa kutoka kwenye malori ya Namtumbo, harufu ya tumbaku imetanda, akina mama wanauza chapati na chai ya rangi, na kikundi cha ngoma ya lizombe kilikuwa kimekodiwa kumpokea mgeni. Mgeni mwenyewe aliitwa Leo, kijana mtaratibu mwenye miwani, mjumbe wa wanunuzi. Hakutaka kiti cha heshima. Alitaka kusimama karibu na mzani aone.

Wa kwanza kupima alikuwa Mzee Daimu, mkulima wa Namtumbo, mtu wa kofia nyeupe na maneno machache, ambaye marobota yake yalikuwa yamefungwa kwa ustadi wa kutandika kitanda cha bibi harusi. Hironimus alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu. Robota likapandishwa. Namba nyekundu zikawaka kwenye kibao kikubwa kilichotundikwa ukutani ili mkulima aone kilo zake, na watu wakaguna kwa kuridhika, kwani mzani wa zamani ulisomwa na karani peke yake akiwa amewapa mgongo.

Hironimus akanyoosha vidole. Akaiondoa draiva ili printa ipate nafasi. Na hapo kibao cha ukutani, ambacho kilikuwa kinapata habari zake kwa draiva hiyohiyo, kikazimika.

Mzee Daimu akatazama ukuta. Akamtazama Hironimus. Akauliza kilo zake zimekwenda wapi.

Hironimus alimwambia zimo ndani ya mashine, zinachapwa, yeye alishushe tu robota ili lipandishwe la pili. Neno hilo halikufaa kusemwa kwa mkulima wa tumbaku wa zama hizo. Wote waliokuwa uwanjani walikuwa na kanuni moja waliyoinunua kwa hasara katika miaka ya ushirika: robota halitoki kwenye mzani mpaka karatasi iko mkononi. Ukilishusha kabla, umelitoa sadaka. Mzee Daimu hakubishana. Alipanda kwenye mzani, taratibu, akaketi juu ya robota lake na kukunja kanzu.

"Mimi niko hapa," alisema. "Zikirudi zitanikuta."

Nyuma yake wakulima wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa kuwa walielewa kwamba yeye akikaa hapo hakuna mwingine atakayepima. Printa nayo, ambayo miezi yote ilikuwa ikiamshwa na kulazwa, ikachagua siku hiyo kukwama karatasi. Bwana Polikarp akaanza kutoa jasho na kumnong'oneza Hironimus arudishe zile namba haraka, mgeni anaangalia. Hironimus akairudisha draiva. Lakini mzani ule kila unapoamshwa huanza kwa kujihesabu kuwa mtupu. Chochote kilicho juu yake huchukulia ni sehemu ya chuma chake. Aliyeandika hivyo ni Hironimus mwenyewe, na katika pirika alisahau. Kibao kikawaka, na mbele ya uwanja mzima, juu ya robota na mwenye robota, kikaandika sifuri.

Ngoma ya lizombe ilikuwa imekwisha kunyamaza. Mzee Daimu aliitazama ile sifuri kwa muda mrefu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Tumbaku nimeilima tangu mvua ya kwanza," alisema. "Nimeikausha, mke wangu ameugua kwa moshi. Basi hata nikijipima nayo mimi mwenyewe, si kitu?"

Hironimus aliona haya. Sitaki kuipamba: aliona haya ya kweli, ile inayoshuka mpaka magotini. Alikuwa amezoea kuwaona watu wamesimama mbele yake na barua, na hakuwahi kujiuliza wanangoja nini. Sasa alimwona huyu mzee amejigeuza jiwe, amekaa mahali pake asisogezwe, na wenzake wote nyuma yake wameganda, na ilikuwa ni kama kutazama draiva yake imevaa kofia.

Bwana Leo aliondoa miwani, akasema kwa upole kwamba hakuna haja ya kuwachosha wazee. Kampuni inaweza kununua kupitia kituo kingine. Bwana Polikarp akaanza kueleza juu ya umeme wa Songea. Hironimus akamkata kauli, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Si umeme," alisema. "Ni mimi. Nipeni muda wa watu kunywa chai."

Akamwendea Mzee Daimu, akamwomba radhi, na hakumwambia ashuke. Akamwachia mzani wake. Akakaa kwenye kompyuta, akafungua ile programu, akaufikia mstari uliosema iliyo wazi ichukue, na akautazama kama mtu anavyotazama picha yake ya zamani. Akaufuta. Mahali pake akaandika namba moja tu, ile ya kwenye pini za kadi. Akafuta milango isiyomhusu. Mwisho kabisa akaandika maneno ambayo hakuwa ameyaandika kamwe, ya kurudisha laini kazi inapokwisha. Programu ilipungua ikawa fupi kiasi cha kutia aibu. Kisha akaiacha kompyuta iisage programu upya, yaani iigeuze kuwa lugha ya mashine, naye akaichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa.

Bwana Leo alikuwa amesogea nyuma yake, akauliza kwa nini mwanzo ilikuwa inagoma. Na Hironimus, ambaye roho yake ilikuwa bado nyepesi kwa toba, akasema kwa sauti iliyowafikia Bwana Polikarp na wahasibu wote kwamba mzani ulikuwa umeshikilia laini usizozitumia. Asiyetumia aachie, alisema. Ndiyo kanuni ya mfumo, na ndiyo kanuni ya haki. Wahasibu wakatikisa vichwa kukubali. Bwana Polikarp hakutikisa, lakini alionekana ameliweka neno hilo mahali.

Mzee Daimu akaombwa ashuke mara moja tu, robota likashushwa na kupandishwa tena, yeye akiwa amelishika kamba. Namba zikawaka. Printa ikaanza kukereza palepale, na namba za ukutani hazikuzimika. Mzee akapokea karatasi, akailinganisha na ukuta, akaikunja ndani ya kofia, na ndipo akaachia kamba. Ngoma ikapigwa. Jioni ile Hironimus alinunuliwa pombe ya komoni na watu asiowajua, akarudi nyumbani akiimba.

Kazi ikaenda. Ilienda msimu wote kama maji mferejini. Karani wa mzani alijifunza kubonyeza kitufe kimoja. Mhasibu alichapa ripoti zake mwenyewe. Modemu, ambayo watu walidhani ilizaliwa mbovu, ikaanza kutuma faksi. Wiki ya kwanza Hironimus alifurahi. Wiki ya pili alisoma gazeti mpaka matangazo ya minada. Karanga zilikoma kuja. Kuku ndiyo kabisa. Siku moja aligundua kwamba tangu asubuhi hakuna aliyeliita jina lake, na kwamba feni ilikuwa inampepea mtu mmoja asiye na kazi na mashine isiyo na shida. Akashikwa na hofu, ile aliyolala nayo usiku wa ugali wenye chumvi. Aliweza kuurudisha ule mstari. Hakuna ambaye angejua. Alifungua programu, akaitazama, akamkumbuka mzee amekaa chini ya sifuri, akaifunga.

Msimu ulipokaribia kwisha, Bwana Polikarp akamwita.

Meneja alikuwa nyuma ya meza, funguo zake mbele yake. Koti lilikuwa kwenye kiti chake, mafaili kwenye chao, mwavuli kwenye chake. Hironimus akasimama panapostahili. Meneja alianza kwa kuisifia kompyuta, akaisifia draiva, akaleta salamu za Bwana Leo, akasema kampuni imeridhika mno na imekubali kukiacha kituo. Kisha akakohoa.

"Lakini kampuni inataka watu wapungue kidogo. Nami nimekumbuka ulivyotufundisha siku ile. Asiyetumia aachie."

"Nilikuwa nasema habari za printa, meneja."

"Kanuni ni kanuni, bwana Hironimus. Mimi sikuitunga."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Hironimus akatafuta mahali pa kushika. Alitazama funguo mezani, funguo za ghala la mbolea ambalo halina mbolea, za nyumba ya wageni ambayo haina wageni, za gari lililokufa mwaka juzi. Akatazama viti. Alikuwa ameingia chumba kile kwa miaka na hakuwahi kuviona kama viti. Basi akalichukua koti la meneja kwa uangalifu, akalikung'uta vumbi la bega, akalitundika kwenye msumari uliokuwa ukutani siku zote. Akaketi.

Bwana Polikarp alilitazama koti lake ukutani kama mtu aliyeona nguo yake kwenye kamba ya jirani.

"Sasa endelea, meneja," Hironimus alisema. "Nakusikiliza."

Walikaa hivyo, wote wawili wameketi, mpaka Hironimus akatoa ufunguo wa chumba cha kompyuta, akauweka juu ya meza na kuaga.

Beata alipata habari kabla mumewe hajavua viatu. Majengo hakuna siri. Hakumlaumu wala hakumlilia. Alisema tu kwamba basi siku yenyewe imefika, wafungue stoo. Hironimus akafarijika. Jambo hilo lilikuwa halijamjia kichwani. Angalau hapo alikuwa sahihi, na mama yake alikuwa sahihi, na wote waliocheka sasa wangeona. Akaingia akalishusha katoni la juu, akastaajabu lilivyo jepesi. Akashusha la pili. Akalishika la chini kabisa na kulivuta, nalo likanyanyuka kama kofia.

Panya walikuwa wameingilia nyuma, upande wa ukutani, huenda tangu miaka mingi. Walikuwa wamekula mche kwa mche, kwa utaratibu, na kuacha makatoni yamesimama safi mbele, na maandishi yake, kila moja limeshikilia nafasi yake. Beata alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Hironimus naye akacheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha kicheko kikamwisha, akaketi juu ya pipa la maji na kujifuta macho.

Baada ya muda Beata akampa sarafu, akamwambia nguo za Careen za shule bado chafu. Hironimus akatoka, akaenda dukani pale mwisho wa mtaa, palepale lilipokuwa duka la ushirika. Alipofika alisimama mbali kidogo, kwa mazoea, akiangalia chini. Hakukuwa na foleni. Muuzaji akamuuliza anataka nini.

"Sabuni," alisema. "Kipande kimoja."